Ukiota Sana Utaota

Hapo zamani za kale (sogeeni karibu, nanyi wa kule nyuma acheni kufinyana), wanyama walipokuwa na nyumba zao, na mafiga yao, na majirani wa kuwasengenya, aliishi Mama Pimbi juu ya mlima wenye baridi pamoja na mwanawe aitwaye Tipwa.

Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo, kanono, hakana mkia, kanakaa kwenye mawe. Ukikaona utadhani ni panya aliyelishwa vizuri. Lakini usikaambie hivyo, kana hasira.

Tipwa alikuwa mtoto wa maneno. Ukimuuliza moja anakujibu tatu, na ya nne anakuuliza yeye. Kipupwe kilipoingia, ukungu ukaufunika mlima mzima na jua likapotea. Tipwa naye akanyamaza. Akawa wa kulala tu. Akiamka, amechoka. Akipewa uji, anautazama mpaka unaganda. Akiulizwa analilia nini, anasema hajui, na kweli hakujua.

"Tipwa, twende ukacheze."

"Sitaki."

"Nikukaangie karanga?"

"Sitaki."

"Basi unataka nini, mwanangu?"

"Sijui, mama. Naona kama ukungu umeniingia ndani."

Mama Pimbi akageuka, akajifanya anapuliza moto, kumbe anafuta machozi. Aliogopa. Aliogopa kwamba yule Tipwa wake wa maneno ameondoka hivi hivi, na hatarudi tena.

Jirani yao, Mama Nungunungu, akaingia na miiba yake, akakaa bila kukaribishwa.

"Huyo anadeka," alisema. "Mchape fimbo mbili, utaona atakavyochangamka."

"Ukimchapa mwenye huzuni, unapata mwenye huzuni na makalio yanayouma."

"Basi amerogwa."

"Na nani? Wewe?"

"Mimi? Ala! Mwenzio nimekuja kwa wema!"

"Basi nenda kwa wema, mama."

Mama Nungunungu akaondoka amevimba, miiba yote juu. Mlango ulimbana kidogo, akautukana.

Asubuhi moja, upepo ukaupasua ukungu, na mwali mmoja wa jua ukapenya mlangoni, pya! Ukamwangukia Tipwa usoni. Mtoto akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili. Akatabasamu! Kisha ukungu ukajifunga tena, na tabasamu nalo likazimika.

Mama Pimbi akaangusha mwiko.

"Kumbe!" akasema. "Mtoto hadeki, hajarogwa! Mtoto ana njaa ya jua!"

Sasa jua litapatikana wapi? Mlima mzima lilikuwa mahali pamoja tu, kule juu kabisa kwenye Jiwe Bapa, ambako upepo wa bondeni uliupasua ukungu kila asubuhi. Mama Pimbi akapanda mbio, akafika hoi.

Aliwakuta nani? Huku kalala Bwana Kifaru kifudifudi. Huku kalala Bwana Nyati. Wamelijaza jiwe lote, hakuna hata pa kuweka kidole.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," akajibu Nyati bila kufumbua macho. "Nani huyo? Panya?"

Mama Pimbi akameza hasira, nayo ilikuwa kubwa kuliko koo lake. "Ni mimi, Mama Pimbi. Mwanangu amenyong'onyea kwa kukosa jua. Nawaomba msogee kidogo tu, apate pa kukaa. Ni mdogo, hata kivuli chake hakiwasumbui."

"Jua hili ni la wakubwa," alisema Kifaru. "Mwili mkubwa, jua kubwa. Mwili mdogo, kaa na jiko."

"Jiko lina moshi, mzee. Halina mwanga."

"Basi asubiri kipupwe kiishe!"

"Hawezi kusubiri, mzee. Kila siku anazidi kuzimika."

"Fyuuu!" Kifaru akapumua kwa pua zake zote mbili. Mama Pimbi akang'oka pale alipo, bingiri, bingiri, bingiri, mpaka mlangoni kwake, pu!

Alikaa pale chini, tope masikioni, akawaza. Nguvu hana. Ukubwa hana. Hata mkia hana. Lakini maneno anayo. Na pale ukutani palikuwa na konokono mkubwa, gamba lake limechongoka, anapanda taratibu.

"Wewe," Mama Pimbi akamwambia, "kesho una kazi."

Konokono hakujibu. Konokono hajibu siku ile ile.

Kesho yake Mama Pimbi akapanda tena mlimani, konokono kwapani. Kifaru alikuwa anakoroma, khrooo! khrooo! Nyati anasinzia. Mama Pimbi akanyata, nya, nya, nya, akaenda nyuma ya Kifaru, akambandika konokono kwenye tako la kulia, nda! Konokono akanata. Ngozi ya kifaru ni nene, hakuhisi kitu. Kisha mama huyo akazunguka mbele, akajishika kichwa, akapiga yowe.

"Uwiii! Imeota! Imeota!"

Nyati akaruka. "Nini imeota?"

"Wazee wangu, jana nilisahau kuwaonya! Hapa huwa mnafanya nini?"

"Tunaota jua."

"Mnaota?"

"Tunaota."

"Na mtu akiota, huwaje?"

Nyati akajikuna kichwa kwa kwato. "Huwa... ameota."

"Ewaa! Umesema mwenyewe, mimi sijasema!"

"Nimesema nini?"

"Bwana Nyati, ulizaliwa na pembe?"

"Aa, sikuzaliwa nazo."

"Zilikujaje?"

"Ziliota."

"Na ulipokuwa mtoto, jua ulikuwa ukiota?"

Nyati akafikiri. Kufikiri kwa Nyati ni kazi nzito, ukikaa karibu unaisikia.

"Nilikuwa nikiota sana," alisema.

"Ukaota nini?"

"Nikaota..." Macho yakamtoka. "Nikaota pembe! Lahaula!"

"Haya. Na za kichwani mmekwisha kumaliza. Mkiendelea kuota, nyingine zitaota wapi?"

Hapo Kifaru akazinduka. "Makelele ya nini? Mmenikatiza. Nilikuwa naota niko kwenye shamba la viazi, naota nakula..."

"Salaale!" Mama Pimbi akapiga makofi. "Anaota huku anaota! Mara mbili kwa mpigo! Ndiyo maana pembe yake imewahi kutoka! Bwana Nyati, hebu mtazame mwenzio kwa nyuma."

Nyati akazunguka, akatazama. Pale kwenye tako la kulia kimesimama kitu kimechongoka, kinang'aa kwa jua. Hofu, wanangu, ikimwingia mtu, haoni tena konokono.

"Ee! Pembe! Kifaru, umeota pembe makalioni!"

"Mwongo!"

"Naiona! Changa kabisa, bado mbichi!"

Kifaru akajipinda ajitazame, lakini kifaru na shingo ya kujitazama nyuma wapi na wapi? Akazunguka, akazunguka, akazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Konokono kule nyuma akashikwa na kizunguzungu, akaamua kuhama.

"Bado iko?" akauliza Kifaru, anahema.

"Iko... A-a! Imesogea! Inapanda mgongoni! Mama yangu, pembe inatembea!"

"Inakwenda wapi?"

"Sijui! Haijasema!"

"Nitakaaje mimi? Nitalalaje?" Kifaru akaangua kilio.

"Na mimi je? Nitazame na mimi!" Nyati akageuka upesi.

Basi macho ya kifaru mnayajua. Ni mapambo tu. Akakodoa, akakodoa, akaona kitu cheusi, kirefu.

"Maskini ndugu yangu! Yako ndefu kuliko yangu! Tena inachezacheza!"

"Huo ni mkia wangu!"

"Una hakika?"

Nyati akajigeuza kuutazama. Hakuwa na hakika tena.

"Tumekwisha!" wakapiga kelele kwa pamoja, wakashuka mlima, gubu, gubu, gubu, migomba inalala, mawe yanaruka. Konokono akadondoka njiani, akaendelea na safari zake.

Mama Pimbi akarudi nyumbani mbio.

"Tipwa! Jua lipo, na jiwe ni letu! Inuka twende!"

"Sitaki."

"Najua hutaki. Panda mgongoni. Kutaka kutakuja baadaye."

Akambeba. Siku ya kwanza mtoto alikaa tu juani, amefumba macho, mama yake kando anasuka mkeka wala hamsemeshi. Kesho yake akambeba tena. Na keshokutwa. Siku moja Tipwa akasikiliza kisa cha pembe inayotembea mpaka mwisho, akamaliza na uji. Siku nyingine akapanda kwa miguu yake, ingawa kwa kununa. Huzuni haitoki mbio kama Kifaru. Mama Pimbi alilijua hilo, akavumilia. Lakini maneno ya Tipwa yalikuwa bado hayajarudi, na moyo wa mama ulikuwa ukingoja.

Kumbe kule bondeni, Bi Kifaru alikuwa amemsugua mumewe mgongo mpaka mkono ukamuuma.

"Mume wangu, pembe yenyewe iko wapi? Hapa mimi naona tope tupu."

"Tazama vizuri!"

"Nimetazama. Umechezewa na pimbi, baba watoto."

Ilikuwa vita! Asubuhi Kifaru na Nyati wakapanda mlima, ardhi inatetemeka, wakasimama mbele ya Mama Pimbi na mwanawe pale kwenye Jiwe Bapa.

"Wewe panya! Umetudanganya!"

"Mke wangu ametafuta pembe, hakuna! Hakuna hata alama!"

"Tena," alisema Nyati, ambaye safari hii alikuwa amefikiri njia nzima, "ninyi wenyewe mnaota hapa kila siku. Mbona hamjaota kitu?"

Mama Pimbi akafungua mdomo. Akatafuta neno huku, akatafuta kule, hakuna. Akamkumbatia mwanawe kwa nguvu. Alijua wakifukuzwa leo, mtoto anarudi gizani, na safari hii huenda asimpate.

"Nani kawaambia hatujaota?"

Ilikuwa sauti ndogo, ina kutu ya kukaa bila kutumika. Tipwa akajichomoa mikononi mwa mama yake, akasimama katikati ya jiwe, akapanua mdomo.

"Aaaa! Tazameni! Hapa na hapa! Yananiwasha mpaka masikioni."

Nyati akainama. Kwenye fizi za Tipwa yalikuwa yamechomoza meno mawili mapya, meupe, yamechongoka, kama yanavyochomoza kwa kila pimbi wa umri wake.

"Ni nini hayo?" akauliza Kifaru, asiyeona kitu.

"Ni meno," alinong'ona Nyati. "Makali. Yameota."

"Na mama ndiye kabisa!" alisema Tipwa. "Mama ameota jua miaka na miaka. Mama, panua!"

Mama Pimbi akapanua. Yake yalikuwa marefu. Nyati akarudi nyuma hatua.

"Sisi wadogo tumeota madogo," Tipwa akaendelea, maneno yanamtoka mbiombio. "Ninyi wakubwa mtaota ya ukubwa gani? Na yataota wapi, maana mdomo umejaa, kichwa kimejaa? Ile pembe, wazee wangu, haikupotea. Inatembea, si mliona wenyewe? Ikitoka nje imetoka. Isipoonekana nje, iko wapi?"

Wote wawili wakatazama matumbo yao.

"Nyati," alisema Kifaru polepole, "leo asubuhi mimi kuna kitu kilinichoma hapa."

"Hiyo si njaa?"

"Una hakika?"

Tumbo la Nyati likanguruma, gruuu! Hakungoja kingine. Gubu! Gubu! Gubu! Safari hii hawakusimama bondeni, walivuka mpaka ng'ambo ya pili, na kipupwe chote wakakaa kivulini, wanapapasana matumbo.

Tipwa alicheka akaanguka chali. Mama Pimbi naye alicheka, kisha akalia, wala safari hii hakujificha.

"Mama, wakirudi tena tutawaambia nini? Na kifaru analiaje pua ikiwa imeziba? Na kwa nini sisi hatuna mkia? Na karanga zimebaki?"

Mama Pimbi akajilaza kwenye jiwe, akafumba macho, akanyoosha miguu.

"Uliza, mwanangu," alisema. "Uliza mpaka jioni."

Mtoto akinyong'onyea usimkemee: mbebe, umtoe nje, ukae naye juani mpaka arudi.