Siku Mzee Kiboko Alipopigiwa Hodi

Hapo zamani za kale, kale ile yenyewe, kobe akiwa bado na ngozi laini na twiga akivaa shati la kola ya kawaida, paliishi Digidigi mmoja, jina lake Sikudhani.

Mdogo! Mdogo mpaka kivuli chake kilikuwa kikimpotea njiani. Miguu kama njiti za kiberiti. Lakini masikio? Nyie, acheni! Sikudhani alisikia nywele zikiota kwenye mkia wa nyumbu aliye mwendo wa siku nne. Unabisha? Ulikuwepo?

Basi. Sikudhani aliolewa ng'ambo ya huku mwaka wa kiangazi, mto ulipokuwa mwembamba kama mate ya panya. Alivuka bila kulowa kwato. Mama yake alimsindikiza mpaka katikati, akasimama.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Kinu chako nimekisahau. Nitakuletea kesho kutwa."

Siku ile ile mvua ikashuka. Pwaa! Mto ukapanuka, ukapanuka, mpaka samaki wa ukingo huu na samaki wa ukingo ule wakawa wanahitaji mkalimani. Na maji hayakurudi nyuma tena. Miaka saba! Kinu hakikuja, na mama hakuja.

Kilichobaki ni Uzi.

Uzi huo aliutega Bibi Buibui, kikongwe mwenye miguu minane na baridi yabisi kwenye yote minane. Aliutandaza mti hadi mti, pori zima, kisha akauvusha mto juu kwa juu. Ukisemea huku, unasikika kule. Nyani walipitisha umbeya. Ndege walipitisha nyimbo za harusi. Vyura walipitisha mashairi ambayo mpaka leo hayajafika ubeti wa mwisho. Hakuna aliyemzuia mwenzake.

Na kila adhuhuri, pori likijinyoosha kivulini, Sikudhani aliegemeza sikio kwenye Uzi, akasubiri. Sauti ilikuja, nyembamba, ikivuka maji yote yale:

*Lala, mwana wa jani la mwisho,*
*mvua imekwenda kuchota maji,*
*ikirudi itatukuta wawili.*

Naye huitikia: "Itatukuta wawili."

"Umekula?" mama huuliza.

"Nimekula, mama."

"Kinu chako ninacho. Nakifuta vumbi kila Ijumaa."

Ndiyo hivyo tu. Lakini siku nzima Sikudhani aliiishi kwa ajili ya hapo. Mwaka wa kwanza sauti ya mama ilimjaa sikio lote. Siku hizi ilikaa kwenye ncha tu, kama tone la umande linalofikiria kudondoka.

Sasa, chini ya Uzi, pale unapovuka mto, alikaa Mzee Kiboko. Huyo akipiga miayo, mawingu yalipotea njia yakaingia mdomoni. Kwa kuwa alilala pale mchana kutwa, alisikia kila kitu. Wimbo wa mama yake Sikudhani ulimkaa rohoni, akauimba kwenye ngoma yake. Wageni wakapiga makofi. Mdomo mkubwa vile, nani angethubutu kutopiga? Tangu siku hiyo akaamini wimbo ni wake.

Asubuhi moja karani wake, Kasuku, akatua juu ya kichuguu.

"Sikilizeni! Sikilizeni! Mzee Kiboko anasema: wimbo ni nyumba! Nyumba ina mwenyewe! Kila wimbo uliopita juu ya maji yake umelala kwake, na uliolala kwake ni wake! Atakayeuimba bila kumpigia hodi, Uzi utakatwa!"

"Uzi wa huyo aliyeimba?" akauliza nyani mmoja.

"Uzi wote. Upo mmoja tu, shemeji."

Loo! Pori likachacha. Wote wakakimbilia kwenye Uzi kupiga kelele: "Hatutaki! Hatutaki!" Uzi ukatetemeka, zing, zing, zing, mpaka Bibi Buibui akaanguka kutoka dari ya nyumba yake, tifu!

Kiboko akacheka majini. "Hong, hong, hong! Pigeni tu kelele. Hizo kelele nazo si zinapita juu ya maji yangu? Kesho kutwa, barazani, sheria inapita, na meno yangu haya nimeshayanoa."

Sikudhani akamfuata Bibi Buibui, akamkuta akijipaka mafuta ya nyonyo kwenye goti la tano.

"Bibi, Uzi ukikatwa, utautega tena?"

Kikongwe akahamia goti la sita. "Mjukuu wangu, ule niliutega nikiwa na upepo wa ujana mgongoni. Tumboni kwangu sasa pamebaki uzi wa kushonea sanda yangu. Ukikatwa, umekatwa."

Sikudhani hakulia. Alitoka akaenda moja kwa moja mpaka ukingoni, kwato zikigonga ti, ti, ti, na moyo ukigonga zaidi ya kwato.

"Shikamoo, Mzee Kiboko!"

"Marahaba, wewe kijiti chenye macho. Umekuja kupiga kelele na wewe?"

"Mimi? Nimekuja kukupa pongezi! Sheria tamu kama hii haijawahi kutungwa. Wimbo ni nyumba. Aaa! Nani aingie nyumba ya watu bila hodi? Ni mbuzi?"

Kiboko akatoa pua nje. "Unaona, Kasuku? Mwenye akili ni huyu mdogo."

"Huyu mdogo!" akasema Kasuku.

"Ila mzee," Sikudhani akashusha sauti, "watu wana maneno. Wanasema wewe hodi huijui. Wanasema mtu akikupigia hodi utamwitikia ukiwa humo humo majini, kama asiyelelewa. Nikawaambia, 'Koma! Mwenye nyumba haitikii hodi akiwa bafuni! Mzee Kiboko atatoka, asimame pakavu, amtazame mgeni, aseme karibu, amsikilize shida yake.' Nimekosea?"

"Hujakosea hata nukta!" Kiboko akavimba, maji yakapanda mti. "Mimi nina adabu mpaka kwenye kucha! Nitamtokea kila mgeni! Kasuku, liandike hilo!"

"Kwenye kucha!" akasema Kasuku, ambaye hakujua kuandika.

"Basi tuijaribu kesho, siku moja tu kabla ya baraza, watu wauone uungwana wako."

"Kesho!" Kiboko akanguruma.

Sikudhani akarudi mbio, akapitisha neno kwenye Uzi, polepole, kwa wote: kesho hakuna kuimba, hakuna kupiga kelele, Uzi ubaki kimya kama shimo. Na kila mmoja, hata chawa, aende kwa Mzee kupiga hodi.

Likabaki sikio moja la kuambiwa. Adhuhuri ikafika.

"Mama, kesho usiimbe."

"Siku nzima, mwanangu?"

"Siku nzima. Ukiimba wewe na wao wataimba, na mambo yataharibika."

"Sawa." Kisha, kwa mbali: "Mimi nimezeeka, Siku. Nikinyamaza siku moja, nitajuaje kama sauti bado ninayo?"

Sikudhani akaubana Uzi kwa shavu. Alitamani kusema, basi imba, mama, imba na wafanye watakavyo. Lakini alisema, "Utaniita keshokutwa, nami nitaitika. Hapo ndipo utajua."

Kulipokucha, pori lilikuwa kimya. Kimya gani! Kimya mpaka ukasikia uyoga ukisukumana. Kiboko akaamka akatega sikio, hakuna vyura, hakuna ndege. Akajigeuza alale.

"Hodi!"

Alikuwa chura. Kiboko akajikokota nje, cho, cho, cho, maji yakimtiririka. "Karibu. Una shida gani?"

"Naomba ruhusa ya kulia kwaa, mzee. Babu yangu aliilia juu ya maji yako."

"Ruhusa unayo. Nenda." Akarudi majini, chubwi!

"Hodi!"

"Karibu..."

"Mimi ni chura mwingine, mzee. Naomba na mimi ile kwaa."

"Si nimeshampa mwenzako!"

"Ile ni yake. Mimi nitaingiaje kwa hodi ya jirani?"

Chubwi! "Hodi!" Cho, cho, cho. Chubwi! "Hodi!" Vyura elfu arobaini, walihesabiwa na mtu ninayemwamini. Wakaja nyuki kuomba ruhusa ya vuu. Akaja punda milia kuomba ruhusa ya kupiga chafya: "Kwa sababu juzi ulipiga chafya, mzee, na yangu inafanana na yako kidogo mwishoni." Akaja konokono, akapiga hodi asubuhi, akamaliza kutaja jina lake saa tano.

Kufikia adhuhuri Kiboko hakurudi tena majini. Hapakuwa na nafasi kati ya hodi na hodi. Jua likamkalia mgongoni kama mkwe asiyeaga. Ngozi ikakauka, ikaanza kupasuka, ta! ta! ta! kama chungu kilichosahaulika motoni.

"Kasuku!" akalia. "Waambie waondoke!"

Kasuku akafungua mdomo, akaufunga. "Siwezi, mzee. 'Ondokeni' si neno langu, nililisikia kwa mtu. Sina neno hata moja langu. Nami nimepanga foleni, nipo nyuma ya sisimizi."

Wote wakacheka, isipokuwa Sikudhani. Yeye alikuwa kando, sikio kwenye Uzi. Ilikuwa saa yake, na Uzi ulikuwa umekufa ganzi. Hakuna mvua iliyokwenda kuchota maji. Hakuna aliyemuuliza amekula. Akawaza: hivi ndivyo siku zote zitakavyokuwa.

Akapanga foleni na yeye, na wenzake wakampisha mbele.

"Hodi, Mzee Kiboko."

"Na wewe!" Kiboko alikuwa anatweta. "Wewe ndiye uliyeniroga na adabu zako! Sema, unataka ruhusa gani?"

"Wimbo wa mama yangu, mzee. Ule wa mvua. Yeye yuko ng'ambo, mimi niko huku. Nimekuja kuuomba kwa mwenyewe. Kama ni wako kweli, sema mama yako alikuimbia wapi, nami nitaondoka."

Kiboko akafungua mdomo mkubwa ule. Mbayuwayu watatu wangeweza kujenga viota humo kabla hajasema neno.

"Mama yangu," akasema mwishoni, "alichukuliwa na maji nikiwa mchanga. Hakuniimbia kitu. Niliusikia juu yangu, adhuhuri, nikajifanya naimbiwa mimi." Akatazama chini. "Leo sikuusikia. Sikupata usingizi."

Pori zima likanyamaza, na safari hii hawakuwa wamepanga.

"Sheria naifuta," Kiboko akasema. "Sitaki nyumba yenye milango mingi hivi. Nipisheni nikaoge!"

CHUBWIIII! Wimbi lile lilifika kwenye nchi ambayo haijapewa jina mpaka leo. Foleni yote ikalowa, sisimizi wakaogelea bila kupenda.

Kesho yake adhuhuri Sikudhani akaegemeza sikio. Kimya. Akangoja. Kimya. Moyo ukagonga zaidi ya kwato. Nikinyamaza siku moja, mama alisema.

Ndipo sauti ikaja, nyembamba kuliko siku zote, ikikohoa kwanza:

*Lala, mwana wa jani la mwisho...*

Chini, kwenye maji, tundu mbili za pua zikatokeza. "Hodi," ikasema sauti nzito, kwa aibu.

Sikudhani akacheka huku macho yamejaa. "Uzi hauna mlango, mzee. Itikia tu."

Wakaitikia pamoja, mdogo kwa sauti kubwa na mkubwa kwa sauti ndogo: "Itatukuta wawili."

"Nani huyo uliye naye?" mama akauliza. "Amekula?"

Kinu mpaka leo kiko ng'ambo, na kinafutwa vumbi kila Ijumaa. Na nyie mnaosikiliza, shikeni hili: anayetaka dunia nzima impigie hodi, ajiandae kutokaa kitako.