Nguchiro na Mkuu wa Chuo Aliyefuta Mieleka

Paukwa!

— Pakawa!

Kaondokea nani?

— Kaondokea mdogo!

Kajenga wapi?

— Palepale, mlangoni pa mkubwa!

Haya, mmeitika vizuri, ila ninyi wa nyuma mmeitika kama mnaomwogopa mtu. Sogeeni mbele.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana vyuo vilikwishakuwapo, palikuwa na chuo cha wanyama kando ya mto. Chuo kilikuwa na madarasa matano, kengele moja, na uwanja wa mchanga wa kupigia mieleka. Mkuu wa chuo alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa na mwili, Kiboko alikuwa na sauti, na Kiboko alikuwa na tumbo. Akila hashibi, akishiba haachi.

Nahodha wa timu ya mieleka alikuwa Nguchiro. Mnamjua Nguchiro: mwembamba kama ufito, macho mekundu, hakai kitako. Timu yake ilikuwa ndogo. Alikuwamo Kakakuona, ambaye akiogopa hujikunja akawa mpira. Alikuwamo Nungunungu, ambaye maishani mwake hakuna aliyewahi kumkumbatia mpaka alipoanza mieleka, na hata huko walimkumbatia kwa uangalifu. Wote watatu walipata nafasi chuoni kwa sababu ya mieleka. Mieleka ikiondoka, na wao wanaondoka.

Basi Jumatatu moja asubuhi kengele ikalia: nge! nge! nge! Kongoni, karani wa chuo, akapanda juu ya kichuguu, akasoma karatasi.

"Kwa amri ya Mkuu! Mpira utabaki. Mbio zitabaki. Kwaya itabaki. Mieleka imefutwa. Uwanja wa mchanga utalimwa matikiti."

"Matikiti ya nani?" akauliza Nguchiro.

Kongoni akaitazama karatasi. Akaigeuza nyuma. Akaitazama tena. "Haikuandikwa," akasema.

Nungunungu akalia, miiba ikigongana, kacha-kacha-kacha. "Nikirudi nyumbani nitamwambia nini mama? Alinisindikiza mpaka kivukoni, kila tuliyekutana naye anamwambia, huyu mwanangu anakwenda chuo!"

Nguchiro naye alitaka kulia, lakini nahodha hawezi kulia na timu ikalia. Akajipangusa vumbi, akaenda ofisini.

"Hodi!"

"Karibu, kama hukuja kuomba kitu."

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Umekuja kuomba kitu."

"Ni mieleka yetu, Mkuu. Tuachie. Hatuna kingine."

Kiboko akaegemea ukuta, ukuta ukalia kwii. "Mieleka inaleta nini hapa chuoni? Vumbi! Mieleka inaleta nini? Kelele! Mieleka inaleta nini? Uvimbe! Lakini tikiti, Nguchiro... tikiti linaleta tikiti."

Na kila alipotaja tikiti, ulimi ulimtoka ukalamba mdomo: lamu! Nguchiro akauona ule ulimi. Ombi lake halikuwa limefika popote, ila ulimi ulikuwa umefika mbali. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Umesema kweli, Mkuu. Basi tuage kwa heshima. Jumamosi tufanye pambano la mwisho. Timu yangu italeta makapu kumi ya matikiti, yawe zawadi ya bingwa."

Lamu! "Makapu kumi?"

"Kumi, yamejaa. Mpiganaji mmoja na mmoja. Atakayegusa mchanga kwa mgongo ameshindwa. Upande wetu nitapigana mimi, na upande wa pili tulifikiri tumwalike Kifaru."

"Kifaru!" Kiboko akaruka, na ofisi nzima ikaruka naye. "Kifaru aje kula matikiti kwenye chuo changu? Nitapigana mimi!"

"Wewe, Mkuu? Na ikitokea ukaanguka?"

Kiboko akacheka, ho-ho-ho, mpaka wino ukamwagika. "Nikianguka, mieleka ibaki mpaka meno yangu yang'oke!"

"Kongoni aandike?"

"Aandike!"

Kongoni akaandika. Kiboko akapiga muhuri kwa mguu wake mwenyewe: bwaa!

Kuanzia siku hiyo timu haikukanyaga uwanjani. Walikwenda shambani kwa Nyani, wakamlimia matuta asubuhi, wakamlimia matuta jioni, naye akawapa matikiti. Siku ya tatu Kakakuona akatupa jembe.

"Nahodha, mazoezi tutafanya lini?"

"Haya ndiyo mazoezi."

"Mazoezi ya nani?"

"Ya Mkuu," akasema Nguchiro.

Jumamosi ikafika. Chuo kizima kikaja, na majirani wa ng'ambo ya mto wakaja. Kiboko akaingia uwanjani, akayaona makapu kumi yamepangwa. Lamu!

"Nitaanza na haya," akasema.

"La, Mkuu!" Nguchiro akajitupa mbele ya makapu. "Ni mwiko! Mpiganaji hali kabla ya pambano."

"Mwiko kwa nani?"

"Kwa wapiganaji wote."

"Mimi ni mpiganaji, au ni Mkuu?"

"Ni Mkuu."

"Basi pisha!"

Kapu la kwanza, gwa! Kapu la pili, gwa! "Mkuu, bakiza!" akalia Nguchiro. Kapu la tatu, gwa! Kapu la nne, gwa! "Mkuu, nakusihi, utavimbiwa!" Kadiri alivyosihi ndivyo Kiboko alivyokula, mpaka la kumi, mpaka akalilamba na kapu lenyewe. Tumbo likawa linagusa mchanga. Nguchiro akamtazama yule mnyama, mkubwa kama kilima, na kwa mara ya kwanza akajiuliza: na nikikanyagwa je?

Filimbi ikalia: piii!

Nguchiro akakimbia akamzunguka. "Niko hapa, Mkuu!"

Kiboko akageuka. Tumboni: chubwi!

"Niko huku, Mkuu!"

Kiboko akageuka. Chubwi!

"Niko nyuma, Mkuu!"

Chubwi-chubwi! Kiboko alikwenda kulia, matikiti yakaenda kushoto. Kiboko alikwenda kushoto, matikiti yakawa ndiyo kwanza yanafika kulia. Mara mguu wake ukatua, bwaa, juu ya mkia wa Nguchiro. Watu wakashika vichwa. Nungunungu akafumba macho. Nguchiro akavuta, akavuta, akachomoka, manyoya ya ncha ya mkia yakabaki mchangani. Machozi yakamlenga, lakini hakusimama.

"Niko hapa, Mkuu! Niko huku! Niko hapa!"

Kiboko akasimama. Macho yakaendelea kuzunguka. Nguchiro akamsukuma kwa bega. Ni kama kusukuma nyumba. Akamsukuma tena, nyumba ileile. Akarudi nyuma hatua kumi, akakaza meno, akaja mbio akampiga kichwa cha tumbo: dii!

Kiboko akafumbua kinywa. "Mbweuuuu!" Mbweu ile ilimwinua miguu ya mbele. Akayumba. Akapepesuka kama mti unaokatwa. Kisha pwaaaa! Mgongo mchangani, miguu minne angani.

"Moja!" Kongoni akahesabu. "Mbili! Tatu!"

Uwanja ulilipuka. Kakakuona alijikunja kwa furaha akabingirika hadi mtoni, ikabidi wamfuate.

Kiboko, chali palepale, akanguruma: "Sikuangushwa! Nimejilaza mwenyewe!"

Nguchiro akamwinamia sikioni. "Mkuu, ukisema umejilaza watakucheka. Sema ulikuwa unatufundisha kuanguka."

Kiboko akawaza. Kisha wakamwinua wanyama saba, akakohoa, akakunja uso.

"Mmeona? Hivyo ndivyo mtu anavyoanguka! Hilo ni somo la kwanza. Mimi ndiye niliyeianzisha mieleka hapa, na atakayethubutu kuigusa atanitambua!"

"Asante, Mkuu," akasema Nguchiro, huku ameushika mkia wake unaowaka moto.

Nungunungu akamtumia mama yake salamu kwamba bado yupo chuoni. Mpaka leo mieleka inapigwa pale, na Kiboko huketi mstari wa mbele akiwakosoa.

Nami hapo ndipo nilipowaacha. Ngano ikiwa tamu, chukueni mwende nayo. Ikiwa imezidi chumvi, tieni maji.

Na funzo lake, wanangu? Funzo ni hili: mdogo asishindane na mkubwa, maana mkubwa hashindwi. Mkubwa akisema jambo, mwitikieni na mnyamaze. Na mkiandaliwa chakula, kuleni mpaka kiishe. Kubakiza ni utovu wa adabu.

Sasa mnacheka nini?