Ofisi Inayojitegemea

Mkurugenzi Lukonge wa Wakala wa Vivuko hakuwa mtu mbaya; alipenda tu kukaguliwa na watu anaowalisha mwenyewe. Sheria ilipomtaka awe na ofisi ya ukaguzi inayojitegemea, alitoa chumba, akatoa meza, akamteua Bi Nyasatu kuwa mkuu wa ofisi hiyo. Fedha hakutoa.

Bi Nyasatu akamwendea. "Mzee, kivuko kimoja kinaingiza maji na bado kinabeba watu. Wakaguzi wangu hawana hata nauli ya kwenda kukikagua."

"Dada, sheria imeiita ofisi gani?"

"Inayojitegemea."

"Basi jitegemeeni!" Mkurugenzi alicheka mpaka akashika tumbo.

Bi Nyasatu akainamisha kichwa. "Nimekuelewa, Mzee. Ila wenzangu ni wabishi, watasema nimeyatunga. Niandikie mistari miwili, na muhuri."

Mkurugenzi akaandika kwa raha: ofisi hiyo isitegemee Wakala kwa lolote.

Bajeti mpya ya Wakala ilipofika, akakuta imemegwa. Akapiga simu Hazina, akifoka.

"Kipande hicho tumeipa ofisi ya ukaguzi," afisa akamjibu. "Sasa ina fungu lake, linatoka kwetu moja kwa moja."

"Nani kaomba?"

"Si wewe, Mheshimiwa? Barua ina muhuri wako. Hatujawahi kuona mkurugenzi muungwana kiasi hiki."

Mkurugenzi akaamuru Bi Nyasatu aitwe upesi. Tarishi akarudi peke yake.

"Yuko gatini, Mzee. Amekizuia kile kivuko. Anasema nikufikishie shukrani."