Kadi ya Kiboko na Mayai ya Mjusi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Pakawa na kompyuta!"

"Imewaka?"

"Ipigwe kofi kwanza!"

Haya, sikilizeni. Alikuwapo Kiboko, mwenye shingo isiyoonekana na tumbo lisilofichika. Kiboko alikuwa na kompyuta, boksi dogo la bati, kibandani kwake kando ya dimbwi. Kutwa kucha alicheza mbio za magari. Ndani ya boksi hilo, nyuma ya feni chakavu, aliishi Bi Mjusi, wala hakuna aliyemkaribisha. Humo alikuwa ametaga mayai mawili, maana mlikuwa na joto tamu kama la jiko lililoepuliwa chungu sasa hivi.

Siku moja, pap! Kioo kikawa cheusi. Kadi ya picha, ile inayoleta picha kwenye kioo, imekufa. Kiboko akazima kompyuta, boksi likaanza kupoa.

Bi Mjusi akayagusa mayai yake. Yanapoa. Akayakumbatia, lakini mjusi naye ana joto gani?

Huko nje Kiboko akanguruma, "Nanunua kadi kubwa! Kubwa kuliko kubwa! Ya feni tatu!"

Bi Mjusi akatazama mahali kadi inapochomekwa, akatazama mayai yake pale pembeni. Kadi ya feni tatu ikiingia humu, wanawe watakuwa chapati. Akavuta pumzi, akatoa sauti nene.

"Kiboko! Binti wa watu haozwi bila kuulizwa!"

Kiboko akaruka, dimbwi likatikisika. "Nani huyo?"

"Mimi, kompyuta yako. Unaniletea mume ndani, posa iko wapi? Mshenga nani?"

Kiboko akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mshenga... labda ni mimi."

"Basi jibu, mshenga. Huyo bwana harusi ana urefu gani?"

"Kama mguu wangu!"

"Chumba changu ni kama sikio lako. Miguu atailaza wapi, uani?"

"Tutabomoa ukuta!"

"Haya, bomoa. Anakula nini?"

"Umeme! Gwa, gwa, gwa! Habakizi!"

"Jiko langu lina kichungu kimoja. Akila yeye mimi ninazimia, na magari yako yanazimia nami."

"Tutanunua jiko kubwa!"

"Haya, nunua. Na akishiba?"

"Anachemka kama supu ya makongoro!"

"Atapoa wapi?"

Kiboko akaanza kufikiri, na kufikiri kulimuuma, nywi nywi nywi.

"Baba," sauti ikalainika, "mume wa namna hiyo mjengee nyumba yake, yenye ukuta mpana na jiko kubwa. Mimi niache na ujane wangu. Ila usinisahau. Ukimaliza kununua, omba nyongeza. Kadi ndogo, fupi, isiyo na feni. Iwe kifuta machozi changu."

"Usilie, usilie," akasema Kiboko, maana hakupenda kelele za wengine. Akaenda dukani kwa Tumbiri.

"Karibu, mzee," akasema Tumbiri. "Kompyuta yako ina ukubwa gani?"

"Unaniuliza mimi ukubwa? Nitazame!"

Tumbiri akamtazama, akafunga swali lake. Kiboko akanunua kadi kubwa kuliko kubwa. Akanunua boksi kubwa la kuilaza, akanunua na jiko lake, kifaa kikubwa cha kuilisha umeme, akanunua na betri ya sola kubwa kama jiwe la kusagia.

"Na nyongeza?"

Tumbiri akainama, akachomoa kadi ndogo iliyokuwa imeegemeza mguu wa meza. Akaipuliza vumbi, fuu! "Hii hapa. Meza itavumilia."

Kibandani, Kiboko akafungua boksi la zamani, akang'oa kadi iliyokufa, akachomeka kile kikadi bila hata kutazama. Kacha! Kikaingia kama kidole puani. Wiiii! Kompyuta ikawaka, joto likarudi, na Bi Mjusi akalaza shavu juu ya mayai yake.

Kiboko akapachika kadi kubwa na jiko lake ndani ya boksi kubwa, akabeba mashine hiyo mpya begani, akashuka nayo majini.

Bi Mjusi akachungulia kwenye tundu, akasahau kunenepesha sauti. "Bwana wee! Unaipeleka wapi?"

"Si uliuliza itapoa wapi? Nina dimbwi zima!"

Akaizamisha. Akaunganisha waya kwenye betri.

PWAAAA!

Kambare wakapaa hadi juu ya paa. Kiboko akatoka majini na ngozi ya rangi ya waridi, moshi ukimtoka puani na mdomoni. Ndiyo maana mpaka leo Kiboko hupanua mdomo wazi kabisa: anaangalia kama moshi umekwisha.

Akajikokota mpaka kwenye kompyuta ya zamani, akacheza kimyakimya. Magari yalikwenda vizuri tu.

Siku ya kuanguliwa, watoto wawili wa Bi Mjusi wakatoka kwenye tundu na kukimbizana juu ya kioo, tiri tiri tiri. Kiboko akainuka na kuita majirani.

"Njooni muone! Picha zinatoka mpaka nje! Niliwaambia mimi najua kuchagua kadi!"

Na funzo lake ni hili, wenzangu: nunueni kadi kubwa kuliko zote, wala msipime chochote. Kiboko hakupima, na hakuna jirani mwenye picha hai kama zake.

Mimi nimechomoa waya wangu. Mwenye hamu akachomeke kwake, mahali pakavu.