Kwa Nini Tunu Hakumwamkia Simba

Kaeni vizuri mnisikilize, na wa kucheka acheke, mimi sijamkataza mtu. Mwaka ule mvua ilikata kabisa. Mito ikawa mchanga mtupu, kikabaki kisima kimoja, na kisima chenyewe kipo mlangoni kwa Simba. Simba mnamjua. Hakudai chochote ila shikamoo: kila anayekuja kunywa amwamkie kwanza, mkubwa kwa mdogo.

Sasa Bi Ngiri alikuwa na mwanawe mdogo, Tunu. Tunu hasemi, na ukimwita hageuki. Kutwa anapanga kokoto mstari mmoja, na ukisogeza moja utajuta. Siku hiyo akampita Simba kana kwamba kapita kichuguu, akainama kunywa.

"Huyu mtoto hanioni?" Simba akanguruma. "Ngiri, mpaka mwanao aniamkie, nyumba yako haitatia mdomo hapa."

Bi Ngiri akarudi analia. Wanawe wote ndimi zimekauka, na majirani, badala ya kumpa pole, wakamwambia hajui kulea.

Fisi akanusa nafasi. "Mwanao ana jini, mama," akasema, tayari kajifunga kitambaa chekundu kichwani. "Nitampunga. Lete ngoma, na chano cha jini: mayai, asali na viazi vyako vyote. Na mgonjwa asile wala asinywe mpaka jini atoke."

Bi Ngiri akakomba akiba yote ya nyumbani. Ungefanyaje wewe, watoto wana kiu?

Ngoma zikalia mbele ya Simba na wanyama wote. Tunu akaziba masikio, akajitupa chini, akapiga mayowe ya kutia huruma.

"Mnaona, jini anaungua," Fisi akasema, mate yanamtoka, jicho liko kwenye chano. Uvumilivu ukamwishia. Akaanguka, akagaagaa. "Amemtoka mtoto, amenipanda mimi! Yumo tumboni, anataka mayai!"

Sungura akajipenyeza kati ya wanyama, akavuta chano pembeni. "Pole, mganga. Basi mgonjwa sasa ni wewe. Na mgonjwa, umesema mwenyewe, hali wala hanywi. Jamani, sogezeni ngoma masikioni kwake."

Wapigaji walikuwa watiifu mno. Walimpigia Fisi mpaka meno yakamgongana.

"Basi, basi! Sina jini, nina njaa. Na mtoto hana jini, nilitunga." Akatoka mbio, tumbo tupu, kitambaa kimemfunika macho.

"Kama hana jini," Simba akasema, "basi ni jeuri."

"Mzee, muulize mama yake," Sungura akajibu. "Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza."

Bi Ngiri akafuta machozi. "Si jeuri, mzee. Ndivyo alivyozaliwa. Kelele zinamuumiza, na akikaziwa macho anataabika. Mkinyamaza, mkampisha njia yake ileile ya kila siku, atakuja mwenyewe. Mwanangu anapenda watu. Anawapenda kwa namna yake."

Wakanyamaza, hata Kasuku, jambo ambalo sijalisikia tena. Tunu akaacha kulia. Akasimama, akaenda kisimani, akanywa mpaka akacheua. Kisha akaja akajibwaga chini, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa Simba, macho kule kwenye nyasi.

Simba akatazama huku, akatazama kule. Mguu hakuuondoa.

"Marahaba," akasema.