Ndiva Ina Zamu, Mvua Haina

Ndiva ina zamu, mvua haina. Mama yenu alisema hivyo asubuhi alipoacha pasi mezani akatoka uani kucheza rede nanyi, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi, na anayetaka kusinzia asinzie, maana hadithi yenyewe ina ukungu mwingi. Methali hii ilianzia kwetu Upare, na ilianza hivi.

Huko milimani maji ya kijito hayawatoshi watu wote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wazee walichimba ndiva, yaani bwawa dogo linalojaa usiku kucha, kisha alfajiri likafunguliwa, maji yakashuka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Mfunguaji alikuwa mmoja tu, na mtu mwingine hakuruhusiwa kugusa kizibo. Zama hizo alikuwa Mcharo.

Mcharo alikuwa mtu wa ratiba. Aliamka saa ile ile, akala saa ile ile, na hata kucheka nadhani alikupangia saa yake. Lakini msimdharau. Kwa sababu yake shamba la mnyonge lilipata maji sawa na la mwenye nguvu. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kila kitu duniani kinangoja zamu. Mkewe Nakijwa akimwita waote moto pamoja, yeye hujibu, "Kesho, nikimaliza."

Mama yake, Bi Namvumo, alikuwa amezeeka hadi kumbukumbu zikamhama. Alishinda barazani akitazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni, hamjui mtu, hata mwanawe. Mcharo alimlisha kila siku kwa wakati wake, naye alikula kimya, kwa adabu, kama mgeni. Jambo hilo lilimuuma Mcharo kuliko alivyoweza kusema. Alitamani mama amtaje jina walau mara moja kabla hajaondoka duniani.

Asubuhi moja ya kiangazi ukungu ulishuka mzito, milima ikapotea, ukisikia mbuzi analia hujui yuko juu au chini. Mcharo alikuwa ndivani. Zamu ilikuwa ya Mama Kiondo, mjane mwenye ulimi mkali, ambaye maharage yake yalikuwa yametoa maua na yasingevumilia ukavu zaidi. Kama kawaida yake, alikuwa amekuja na jembe kumsimamia Mcharo asije akampunja. Nakijwa akatokea ndani ya ukungu, anahema.

"Baba Nanzia, njoo nyumbani. Mama amerudiwa na akili yake. Anakuulizia wewe, kwa jina."

Mcharo hakuuachia mti wa kufungulia kizibo. "Mwambie naja. Nimalize kwanza zamu ya watu."

"Ataweza kungoja?"

Mcharo aliutazama mfereji, kisha njia ya nyumbani. Mkono ulikuwa kwenye kizibo, roho ilikuwa nyumbani.

Mama Kiondo akaweka jembe chini. "Nenda, Mcharo."

"Na maharage yako?"

"Nipe huo mti, nitafungua mwenyewe."

"Haijawahi kutokea."

"Marehemu mume wangu aliniita nikiwa shambani," akasema Mama Kiondo, na siku hiyo sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Nikamjibu acha nimalizie tuta hili. Nilipofika hakuwa na la kuniambia tena. Ndiva ina zamu. Ikinipita leo, nitakusumbua mpaka unipe nyingine. Mvua haina. Ikinyesha, unatoka nje ingali inanyesha."

Mcharo akamkabidhi mti, akamwonyesha maji yakifika wapi azibe, kisha akashuka mlima mbio. Hakuna aliyewahi kumwona mtu huyo akikimbia.

"Mcharo," mama yake alisema alipomwona, "mbona umekonda hivyo? Kaa."

Akakaa chini, akalaza kichwa magotini pa mama. Bi Namvumo akampapasa nywele akimsimulia alivyozaliwa njiani, siku alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, wala hapakuwa na mtu aliyejiandaa. Alimvingirisha kanga akarudi naye nyumbani, na majani hakuyaacha. Wakacheka. Nakijwa akaleta ndizi za kuchoma, wakala watatu kutoka sahani moja, saa ambayo haikuwa ya kula. Ukungu uliingia hadi barazani, ikawa kana kwamba duniani wamebaki wao tu. Mcharo alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu utotoni.

Kisha mkono wa mama ukatulia. Akamtazama kwa upole.

"Baba, wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako, mama," akasema Mcharo.

Hakumtaja jina tena hadi siku alipozikwa.

Kesho yake alfajiri Mcharo alikuwa ndivani kwa wakati ule ule. Maharage ya Mama Kiondo yalikuwa yamelowa vizuri, lakini watu walikuja juu, wakitaka kujua ni kwa nini kizibo kiliguswa na mwingine. Mcharo aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza.

"Ndiva nimewatunzia, na nitaendelea kuwatunzia," akasema. "Lakini jana kwangu kulinyesha."

Mama Kiondo akawaeleza maana yake. Hakuna aliyebisha, na inasemekana siku hiyo wengi walirudi nyumbani mapema. Ndiyo maana hadi leo mtu akiitwa na watu wake, akatua jembe au akaacha pasi mezani, Wapare wenzangu humwambia: nenda, ndiva ina zamu, mvua haina.