Masale ya Mama Elinaike

Nimetumiwa na shemeji yangu, nami nakutumia wewe, hasa kama umehamia mahali palipolimwa na wengine kabla yako.

Ngolo na mkewe Minza walitoka Shinyanga, wakauza ng'ombe wao wote na kununua kihamba huko Marangu. Ni shamba la ukoo, la migomba na kahawa, na bustani ya maua iliyotunzwa tangu enzi za babu. Aliyewauzia, mjane aitwaye Mama Elinaike, alihamia kwa dada yake ng'ambo ya mto.

Wiki ya kwanza tu, Ngolo, mtu asiyejua kutulia, aling'oa safu ya mimea yenye majani marefu membamba katikati ya migomba. Akaitupa nyuma ya banda, akapanda vitunguu.

Tangu siku hiyo majirani waliacha kuwasalimu. Minza akawa anaogopa hata kwenda mferejini kuchota maji. Mwishowe jirani mmoja alimhurumia, akamweleza kuwa yale yalikuwa masale, na chini yake wamelala wazee wa ukoo, pamoja na mume wa Mama Elinaike.

Kijiji kikiwakataa, hawakuwa na pa kurudi. Minza akauliza hapa mtu anaombaje radhi. Akaambiwa apeleke jani la sale lililofungwa fundo, maana Mchaga akiletewa sale husamehe.

"Ila kwa makaburi," jirani alisema, "hapo mimi sijui."

Asubuhi walikuta masale yaliyotupwa yameanza kuota mizizi. Wakachuma jani, wakashika njia kwenda kwa Mama Elinaike. Ngolo alikariri maneno ya kuomba radhi, na kila hatua akayasahau.

Darajani walikutana na Mama Elinaike. Minza akapiga magoti, akamnyooshea jani. Mama hakulipokea. Naye alikuwa na la kwake mkononi, limefungwa fundo.

"Mwanangu, nilikuwa nakuja kwenu," alisema. "Niliogopa mkijua kuna makaburi hamtanunua. Nikanyamaza. Tangu nisikie mmeng'oa, chakula hakipiti."

Siku hiyo waling'oa vitunguu wote watatu. Mama akahesabu hatua kutoka mlango wa jiko, akamtaja kila aliyelala kwa jina lake, nao wakapanda sale juu yake.

Funzo: Ukimwachia mtu shamba, mwambie na yaliyo chini yake; nawe ukiachiwa, uliza kabla hujang'oa.